Mali Bila Daftari

Ghorofa likipanda haraka kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, iwe Mafinga, Makambako, Uyole au Mwanjelwa, wapita njia hawaulizi bei ya nondo wala jina la fundi. Wanauliza: "Huyu amepata wapi?" Na jibu huwa limeiva kabla swali halijaisha: si bure, ana ndagu, uchawi wa kupata mali. Atatajwa mganga aliyempa, kijiji alikoifuata, na masharti aliyowekewa. Haogi. Analala sakafuni ilhali kitanda cha mninga kipo chumbani. Mwanawe mmoja amepungukiwa akili, na hiyo ndiyo bei aliyolipa. Hata koti lake lililopauka na pikapu yake kuukuu, vitu ambavyo kwingine vingeitwa kubana matumizi, huhesabiwa kuwa ushahidi. Nyanda za Juu Kusini zina matajiri wengi wanaovaa kama vibarua wao, kwa hiyo ushahidi wa namna hii haupungui.

Wasomi huyacheka maneno haya, wachungaji na wakuu wa wilaya huyakemea. Wana sababu nzuri, maana yameua watu. Lakini ukiyatupa yote kapuni kwa jina la ushirikina, unatupa pia kitu kilichomo ndani yake. "Amepata wapi?" ni swali la maadili, na ni swali halali. Anayeuliza ameona jirani zake wakilima toka alfajiri mwaka hadi mwaka wasiezeke hata bati, kisha akamwona mmoja akiinuka kwa misimu miwili. Anataka kujua nani ameliwa ili huyu anenepe. Kosa liko kwenye jibu. Na hoja ya makala haya ni kwamba jibu hilo baya halikushamiri kwa sababu watu wa Mbeya na Iringa ni wajinga kuliko wengine. Lilishamiri kwa sababu swali lenyewe lilifukuzwa kutoka hadharani, mahali lilipoweza kujibiwa kwa karatasi, likahamia gizani ambako hujibiwa na mpiga ramli.

Tuanze mbali kidogo. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akachapisha Good Company, kitabu ambacho bado ndiyo picha kamili kuliko zote tuliyonayo ya vijiji vile. Wenye mali walikuwapo, na kipimo kilikuwa ng'ombe. Uchawi pia ulikuwapo, nao ulihusu chakula: mchawi alivutwa na harufu ya nyama na maziwa ya mwenzake. Lakini pembeni yake kulikuwa na nguvu nyingine iliyoonekana kuwa halali, iliyoitwa pumzi ya watu. Mwenye ng'ombe aliyechinja na kula peke yake, aliyewanyima majirani, aliyemdharau mkwewe, alinung'unikiwa, na manung'uniko yale yaliaminika kumletea baridi na homa mwilini. Dawa ilijulikana: akiri, achinje, aite watu, wale. Hakuna aliyetaka afilisike. Walitaka wenzake waonje.

Katika picha ile tajiri ndiye anayeogopa. Anawaogopa majirani, na hofu hiyo inamlazimisha kufungua mlango. Katika ndagu ya leo mambo yamegeuka: tajiri ndiye anayeogopwa, na maskini ndiye nyama. Anayemweleza msomaji kwamba imani hizi ni zilezile za mababu, hazina historia, hajaona mgeuko huu. Jambo fulani lilitokea hapo katikati, na sehemu kubwa ya jambo hilo ilitokea Isimani.

Isimani ni tarafa iliyo kaskazini mwa mji wa Iringa, kwenye barabara ya Dodoma. Kuanzia miaka ya 1940 watu kutoka pande nyingi waliingia huko, wakafyeka pori na kupanda mahindi, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizolisha nchi. Walioingia mapema walichukua ardhi kubwa, walionunua matrekta wakawalimia wengine kwa malipo, na waliochelewa wakabaki kukodi viploti na kuwa vibarua wa palizi. Watafiti waliofika huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwamo Adhu Awiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Rayah Feldman, walieleza kundi dogo la wakulima lililoshika sehemu kubwa ya ardhi na mashine, na kundi kubwa lililobaki na majembe. Kwa hiyo serikali ya TANU iliposema kwamba huko kuna unyonyaji haikuwa inaota. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limewapa Watanzania msamiati wa kulijadili jambo hili mchana kweupe: mnyonyaji, bepari, kabaila, kupe. Na lilianza na viongozi wenyewe: hakuna hisa katika kampuni, hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba ya kupangisha.

Tukio la Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, kila mtu wa Iringa analijua. Mkuu wa mkoa, Dk Wilbert Kleruu, alikwenda kwenye shamba la Saidi Mwamwindi, mmoja wa wakulima wakubwa wa Isimani, akamkuta akilima. Palitokea majibizano. Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi, akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa na kuliendesha mwenyewe hadi kituo cha polisi mjini. Utetezi ulieleza mahakamani kwamba alitukanwa na akili ikamruka. Jaji Onyiuke hakukubali, na mwaka 1972 akamhukumu kunyongwa. Leo chuo cha ualimu mjini Iringa kina jina la Kleruu. Jina la Mwamwindi halikuandikwa kwenye jengo lolote la serikali, lakini wapo wengi wanaolitaja kwa heshima ambayo huwezi kuifafanua kwa kusema tu kwamba wanapenda mabepari.

Heshima hiyo inatufundisha kitu. Watu wa Isimani hawakuwa wamesahau nani aliwakodisha ardhi na kwa bei gani. Walichokikataa ni namna swali lilivyoulizwa. Februari ya mwaka uleule wa mauaji, 1971, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, waraka uliowaonya viongozi wasiwe majeuri, wababe wala wapuuzaji wa watu. Miezi kumi baadaye mtu anauawa shambani kwenye ugomvi unaodaiwa kuanza na matusi. Serikali ilikuwa na swali sahihi, ikaja nalo kwa ubabe, tena bila mizani: mtu aliyenunua trekta kwa mahindi yake na mtu aliyepora ardhi ya mjane waliitwa jina moja, kupe, na wote wakatakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Udongo wa Isimani ulikuwa tayari umechoka kwa mahindi ya miaka nenda rudi. Baada ya ardhi kugawanywa na matrekta kuondoka, sifa ile ya kulisha nchi haikurudi. Mwaka 1974, ukame na uhamishaji wa vijiji vilipokutana, taifa zima likaagiza nafaka kwa meli.

Kuanzia hapo msamiati ulibadilika kwa kasi. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, kupe akawa mhujumu uchumi, na watu wakatupa usiku bidhaa walizokuwa wamezificha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Arusha: mwanachama aliruhusiwa hisa, mishahara zaidi ya mmoja, nyumba za kupangisha. Sina ugomvi na ruhusa yenyewe. Ile miiko ilikuwa imeshakuwa ya kukwepwa kwa jina la mke na shemeji. Ninachokiona ni kwamba hakuna lugha iliyowekwa mahali pake. Yaliyokuja, mjasiriamali, mwekezaji, mdau, ni majina ya sifa. Hayana ndani yake tofauti kati ya aliyepata kwa jasho na aliyepata kwa mgongo wa mwenzake. Neno fisadi lilipokuja miaka ya 2000 lilifungiwa kwa wanasiasa na mikataba ya Dar es Salaam. Kwa mwenye ghorofa la Makambako, lugha pekee iliyobaki ya kumhoji ilikuwa ya mganga.

Na ndicho kilichotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mbeya, hasa upande wa Mbozi, ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, na maelezo ya mitaani yalikuwa ya kibiashara kabisa: ngozi ina bei, ina mnunuzi nje ya mpaka, na anayeileta anatoboa. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Januari 2019 Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, ilizika watoto kiasi cha kumi waliouawa katika muda mfupi, na viongozi wakataja imani za utajiri. Katika vijiji vya Songwe na Mbeya watu wamechangishana fedha kuwaita lambalamba, wale wanaozunguka wakidai kuutoa uchawi majumbani, wakati michango ya darasa inadaiwa kwa nguvu ya mgambo. Mtu anaweza kusema hizi ni jinai tu, na jinai zina polisi. Kweli. Lakini muuaji aliyeamini kwamba kiungo cha mtoto kinaleta mali hakuibuni imani hiyo peke yake. Aliikuta mtaani, ikisimuliwa na watu wema wasioweza kuua kuku, kama maelezo ya kawaida ya jinsi watu wanavyotajirika.

Hapo ndipo minong'ono inapoonyesha udhaifu wake mkubwa: inamgonga asiye na kosa na kumpita mwenye kosa. Wakinga wa Makete ni mfano mzuri. Kutoka kwenye milima ya Livingstone yenye baridi na mashamba ya mteremko, wameteremka na kushika sehemu kubwa ya biashara ya maduka Mbeya, Makambako na Njombe, wakafika hadi Kariakoo. Hakuna kabila la kusini linalosingiziwa ndagu kama wao. Ilhali njia yao inajulikana kwa yeyote anayetaka kuitazama. Kijana huletwa mjini na ndugu mwenye duka. Analala humohumo dukani, anapanga mzigo, anajifunza bei na wateja, na kwa miaka kadhaa hapati mshahara. Akishaaminika hufunguliwa duka lake, naye siku moja humleta mdogo wake. Huo ni mtaji wa ukoo, subira na ubahili uliokithiri. Hakuna nyoka wala fuvu.

Lakini tusiishie kuwasafisha. Katika utaratibu huohuo kuna swali la haki ambalo ndagu inaliziba: vipi yule kijana aliyefanya kazi miaka sita, akakosana na mwenye duka mwaka wa saba, akarudi kwao na begi lake? Hana mkataba, hana mahali pa kudai. Hadithi za mitaani husema tajiri huwafanyisha kazi misukule usiku, watu wasiolipwa na wasiosema. Si lazima uamini misukule kuona hadithi hiyo imetoka wapi. Iringa nayo ndiyo inayosifika kupeleka wasichana wa kazi Dar es Salaam, wengine wakiwa watoto. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha dada anayeishi kwa mwajiri kuwa Sh40,000 kwa mwezi. Huyo hahitaji mganga kumgeuza msukule. Anahitaji mkaguzi wa kazi, na mkaguzi habishi hodi sebuleni.

Pingamizi la kwanza analosikia yeyote anayeandika haya ni wivu. Maskini, inasemwa, hawapendi kuona mwenzao akifanikiwa, na yote haya ya haki ni wivu uliovalishwa suti. Kama ingekuwa hivyo, Juni 2020 ingekuwa mwezi wa matusi. Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la zaidi ya kilo tisa na jingine la kilo tano, kwa Sh7.7 bilioni na ushee. Dada wa kazi wa kima hicho cha chini angehitaji zaidi ya miaka 16,000 kuzipata, kama asingekula wala kununua sabuni. Hakuna aliyeipiga hesabu hiyo. Nchi nzima ilishangilia, Mbeya na Iringa zikiwamo, na Laizer akasema atachinja ng'ombe na kujenga shule. Alishangiliwa kwa sababu kila hatua ilionekana: shimo lilijulikana, mawe yalipimwa, hundi ilikabidhiwa mbele ya kamera. Na lile la ng'ombe, Wanyakyusa wa mwaka 1934 wangelielewa mara moja. Watu hawachukii wingi wa mali. Wanachukia wingi usio na njia.

Wahasibu wetu wana methali wanayoipenda, kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kusini imethibitika kinyume chake pia: mali bila daftari huzaa habari, tena nyingi, na zenye damu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wachumi wanasema tupambane na umaskini, tuachane na pengo. Mkulima wa Kilolo akipata bati na umeme, ya nini kumhesabia tajiri? Takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinaonyesha kilichotokea tulipofuata njia hiyo: kati ya mwaka 2011/12 na 2017/18 umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kidogo, kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4, huku kipimo cha kutokuwa sawa kikipanda kutoka 0.34 hadi 0.38. Pengo lilikimbia kuliko nafuu. Hata hivyo siegemei hapo sana, maana 0.38 haijamtisha mtu dunia hii. Naegemea kwenye ardhi. Tanzanite ya Laizer haikumpunguzia mkulima wa Rungwe hata futi moja ya migomba yake. Shamba linapunguza. Shamba la mpunga la Kapunga wilayani Mbarali, lililokuwa la shirika la umma la NAFCO, liliuzwa mwaka 2006 kwa hati ya hekta 7,370, na wanakijiji wakagundua kwamba hekta 1,870 kati ya hizo ni kijiji chao wenyewe. Walibishana na hati hiyo miaka mingi kabla serikali haijakubali kulirudisha eneo. Hapo wingi wa mmoja ulikuwa upungufu wa mwingine, kwa mita na kwa futi. Sasa parachichi na miti ya mbao vimepandisha bei ya ardhi Njombe, Mufindi na Rungwe, na wanunuzi wengi hawaishi huko. Anayeuza ekari zake kulipa ada ya mtoto atarudi kuzipalilia kama kibarua. Ile Isimani ya miaka ya 1960 haijazikwa, imebadilisha zao.

La tatu ni la wenye huruma: tajiri anatoa. Amejenga zahanati, amechangia harambee ya kanisa, amelipia watoto yatima wa Makete, wilaya ambayo Ukimwi uliiachia yatima wengi kupita kiasi. Kutoa ni kuzuri, na asiyetoa hasifiwi na yeyote. Ila karamu ya Mnyakyusa aliyenung'unikiwa ilikuwa jibu kwa majirani waliojua ng'ombe wake walitoka wapi; waliwahesabu wakizaliwa. Bati za zahanati leo hazitoi maelezo hayo. Mara nyingi huyazuia. Nani atasimama kwenye hafla, mbele ya mchungaji na diwani, amuulize mfadhili kuhusu hati ya shamba? Atakayeuliza ataambiwa na kijiji kizima anakata mkono unaowalisha, na jioni, kwenye pombe, kijiji hichohicho kitanong'ona kuhusu ndagu.

Kwa hiyo dawa ya ndagu, kama ipo, haiko sana kwenye mahubiri dhidi ya ushirikina. Iko kwenye daftari. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi watangaze mali zao, lakini matamko yale hufungwa kabatini na mwananchi wa kawaida hayaoni yamebandikwa popote. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 kampuni zinatakiwa kuwataja wamiliki wake wa kweli kwa wakala wa usajili, Brela, na rejesta hiyo imewekwa kwa ajili ya vyombo vya serikali, si kwa ajili ya mwanakijiji anayetaka kujua nani yuko nyuma ya kampuni iliyonunua mteremko wa Kilolo. Wenye mali hujibu kwamba uwazi utawaletea majambazi na wakopaji. Hofu hiyo naielewa; Oktoba 2018 bilionea wetu anayejulikana kuliko wote alitekwa Dar es Salaam. Lakini aliyejificha Makambako hajapata usalama. Amepata mtaa unaomtazama mwanawe mgonjwa na kuhesabu masharti.

Vijiji vyetu vina daftari tayari, kwa mambo madogo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yakasomwa mbele ya watu. Mzee yeyote wa Isimani anaweza kusimama akauliza mifuko mitatu ya saruji ya choo cha shule imekwenda wapi, na mtendaji akatakiwa kuleta risiti. Wakati mwingine huuliza kwa ukali hadi mtendaji akatoka jasho. Ghorofa la kando ya barabara halimo kwenye ajenda.